Nyusi za Mama Mgiriki

Nyinyi vijana, nisikilizeni, bado nina hasira. Mjukuu wangu Njeri anaolewa na Mgiriki. Wiki nzima alitufundisha nchi yao: visiwa, zeituni, vita na Waturuki. Jumapili mama mkwe wake akaja na mwanawe kwetu Laurel, hapa Marekani.

Nikamwonyesha mwiko wa nyama. Akainua nyusi. Kwetu hiyo ni ndiyo, nikampakulia. Akainua tena, nikarundika. Nikawaza, mlafi huyu atanimalizia mjukuu! Mara mama akasukuma sahani, akachukua koti lake.

Mwanawe akarudi kutoka kunawa mikono, akamweleza Njeri, naye akanigeukia mimi bibi yake:

"Shosho! Kwao kuinua nyusi ni kukataa! Na Pasaka yao bado haijafika, amefunga, hali nyama!"

"Visiwa vyote, na hili hukusema?" nikamfokea.

Nikamvua mama koti, nikampakulia maharagwe. Nikawageukia wangu: "Kuanzia leo, humu mtu anajibu kwa mdomo!"