Risasi Isiyofunguka

Ndugu yangu mdogo alijifunza kuwinda akiwa na miaka arobaini, huko Minnesota, ambako Wakisii wamejaa kiasi kwamba mtu anaweza kuoa, kugombana na kupatanishwa bila kukutana na mgeni. Kwetu Birongo hatukuwahi kuwinda chochote zaidi ya mafuko waliokuwa wakitumalizia viazi vitamu. Kuwinda kwenyewe ni kosa katika nchi hii. Lakini yeye alipata rafiki mzungu kazini, akafundishwa bunduki, na tangu hapo hatukusikia habari nyingine kutoka Marekani ila kulungu. Si kulungu hasa, ni mnyama wa kule mwenye mkia mweupe kwa chini, ila tulimwita hivyo kwa kukosa jina.

Alipiga simu kila Jumapili alasiri, ambayo kwake ilikuwa asubuhi. Mimi hufundisha fizikia katika shule ya kutwa huko Kenyenya na wikendi hurudi nyumbani, kwa hiyo kazi ya kushika simu ilikuwa yangu. Niliiweka kwenye spika juu ya kigoda, baba akasogeza kiti chake, na somo likaanza. Mara ya kwanza baba, Msabato asiyecheza na vitabu vya Musa, aliuliza kama mnyama huyo anacheua na kama kwato zake zimegawanyika. Alipoambiwa yote mawili ni kweli, akatoa ruhusa aliwe. Sijui ndugu yangu angefanya nini kama angekatazwa, kwa maana friji yake ilikuwa imeshajaa.

Kutoka hapo ikawa ni risasi tu. Alitueleza kwamba risasi ya mwindaji si kama ya polisi. Ya polisi imefunikwa ganda gumu la shaba mpaka nchani, nayo hupita mwilini ikatokea upande wa pili bila kubadilika umbo. Ya mwindaji imeachwa ncha laini, ili ikigonga ichanuke kama ua la mgomba, ipanuke mara mbili ya unene wake, na kuchana mapafu. Hapo mnyama huenda hatua chache akaanguka. Lakini kuchanuka kunategemea kasi. Ukimpiga kwa karibu mno kwa risasi nyepesi yenye ganda jembamba, inapasuka vipande kwenye bega kabla ya kufika ndani, inaharibu nyama na kumwacha mnyama kilema. Ukimpiga kwa mbali mno, kasi imekwisha njiani, risasi haifunguki. Inapita kama msumari. Hata zile za shaba tupu, zisizovunjika kamwe, zinahitaji kasi ndipo zifunguke.

Siku moja aliniuliza, mbele ya baba, kanuni ya nishati ya kitu kinachokwenda. Nikamwambia ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi, kwa hiyo kasi ikipungua nusu, nishati inabaki robo. Akafurahi sana. Mimi nilichukia. Nimefundisha kanuni hiyo miaka mingi kwa vigari vya mbao na mawe, mbele ya watoto wanaosinzia, na huyu aliyekuwa akinakili kazi yangu ya nyumbani sasa ananipa alama za vema kutoka juu ya mti. Kwa sababu ndiko anakoketi, juu ya mti, kwenye kijukwaa, akimngoja kulungu kama mwanamke anayelinda shamba la wimbi dhidi ya ndege.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, ama sivyo haya mengine hayataeleweka. Kwetu, kati ya baba na mwanawe kuna haya ambayo Kigusii huiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwana haoni kitanda cha baba, hamwoni akioga, wala hataji mbele yake chochote kilicho chini ya kiuno. Mnaweza kuzungumza mchana kutwa juu ya ng'ombe, majani chai, siasa na Danieli sura ya saba. Mwili haumo. Mama angeweza kusema, lakini mama alikuwa ametutangulia.

Kwa hiyo baba alipoanza kuugua, hakuniambia. Alimwambia mzee mmoja wa rika lake, jirani aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi, na ndiye aliyempeleka hospitali mjini Kisii. Walirudi na baba amevaa koti refu siku ya jua kali. Chini ya koti kulikuwa na mpira wa mkojo na mfuko wake, nami niliuona kwa kuwa upindo ulipanda alipokuwa akikaa, na nikageuka kuangalia migomba. Baadaye jirani alinipa karatasi ya daktari nje ya boma, bila neno. Iliandikwa saratani ya tezi dume, na kwamba imeshafika kwenye mifupa. Nikaikunja nikaiweka katika kitabu cha kusahihishia. Wiki hiyo yote nilifundisha vibaya.

Baba alikuwa anataka jambo moja tu, nalo sikuambiwa na yeye, nililisikia kwa jirani: amwone mwanawe wa mwisho kabla hajafa. Hakulitamka kwenye simu. Jumapili alizidi kuuliza habari za kulungu, na ndugu yangu alizidi kumpa. Nakumbuka moja ya hizo Jumapili kuliko zote. Baba alikuwa amekonda hata kola ya shati ilimzunguka shingoni, na aliniomba nimsogezee kigoda kwa sababu sauti yake haikufika tena.

"Yule aliyepigwa na risasi isiyofunguka," akauliza, "huwa anajua kwamba amepigwa?"

"Anaruka kidogo tu, tata," ndugu yangu akamjibu baba. "Halafu anaendelea kula majani. Unaweza kudhani ulimkosa. Utamkuta siku ya tatu, kinamasini."

Baba akasema huyo ndiye wa kuhurumiwa, kisha akauliza kama theluji imeanza. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Nilijua anauliza nini na kwa niaba ya nani. Niliinuka nikaenda kumfungua ndama, ambaye hakuwa amefungwa.

Jioni ile nilimwandikia ndugu yangu. Niliandika na kufuta mara nyingi, na mwishowe nikatuma kwamba mgongo wa mzee unamsumbua sana na ingekuwa vizuri aje. Mgongo. Ndilo neno lililokuwa karibu zaidi na ukweli bila kuugusa. Akajibu upesi kwamba migongo ya wazee ndivyo ilivyo, alale kwenye godoro gumu. Msimu wa bunduki unaanza Jumamosi, likizo ameshaiomba, na Desemba atakuja na tutachinja mbuzi. Akaweka na picha ya risasi tatu alizozikata katikati ili nione unene wa ganda.

Nilikasirika sana. Nilijiambia mwenye macho haambiwi tazama. Kama ameshindwa kuuona msiba kwa sababu ya swala wa kizungu, shauri yake, na siku moja ulimwengu utamuuliza. Sikumwandikia tena. Na nasema wazi, kwa kuwa sina wa kumficha: kulikuwa na utamu fulani katika kutomwandikia. Nilikuwa mtoto mzuri, niliyebaki, na kila siku aliyokaa juu ya mti ilinifanya niwe mzuri zaidi.

Baba alifariki Alhamisi asubuhi ya wiki iliyofuata, jirani yake akiwa amemshika mkono. Ndugu yangu alipata simu akiwa msituni. Alifika baada ya siku nne, na vidole vyake vilikuwa bado vimebabuka kwa baridi.

Siku ya mazishi, mimi mkubwa nilipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya watoto. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kawaida, kwamba baba alikuwa mkulima, mzee wa kanisa, mtu wa amani. Nikayasema. Kisha nikamwona ndugu yangu kwenye mstari wa mbele na suti yake nzuri, na maneno mengine yakanitoka. Nilisema kwamba baba alimngoja mtu, na mtu huyo alikuwa na shughuli ya kuwinda. Watu wakaguna chini ya turubai. Mama mmoja akacheka kidogo kwa mshangao, akafunika mdomo kwa leso. Ndugu yangu hakuinua kichwa. Tulipoanza kutupa udongo kaburini, alitupa wa kwake akarudi nyuma ya watu.

Watu walipokuwa wakitawanyika, nilimwona amesimama na yule jirani kando ya mistari ya majani chai. Jirani ndiye aliyekuwa akisema, naye akisikiliza. Walikaa hivyo kitambo. Kisha akanijia nilipokuwa nikihesabu viti vya kanisa, na niliposhika kiti kingine akakishika upande wa pili, ikabidi nisimame. Nilitarajia matusi. Nilikuwa nimejiandaa kuyajibu, na nilikuwa na mengi.

"Braza, hukuniambia ni tezi dume," alisema.

Nilimwambia lile si neno la kumwandikia mtu kuhusu baba yake.

"Unajua mimi nafanya kazi gani kule?"

Sikujua. Nyumbani tulisema yuko hospitali, tukaishia hapo, na hakuna aliyeuliza zaidi kwa kuwa neno hospitali lilitosha kutupa heshima.

"Naosha wazee," akasema. "Kila asubuhi nawabadilishia mpira wa mkojo wazee wa watu, na wengi wao wana ugonjwa huohuo. Ungeandika mpira tu, hata kama usingeandika kingine, ningeshuka kwenye ule mti siku hiyo."

Nilimwambia kwamba baba asingekubali aguswe na mwanawe, hata kwa kidole, na yeye anajua hivyo.

"Najua," akasema. "Ningekuwa hapa nikikataliwa."

Akakiachia kiti, akaenda kuwasaidia watu kukunja turubai. Nilitaka kumkasirikia tena, nikakosa pa kuanzia.