Maman Emérence na Tao Katikati ya Piste

Ukipita Nguba, mtaa wa Bukavu, asubuhi, kwenye barabara inayoshuka kuelekea ziwani, utaona chumba kidogo chenye mlango wa bluu. Mbele yake kuna mizani kubwa ya kupimia magunia. Usishangae ukimkuta mama aliyevaa vizuri amesimama juu ya mizani hiyo na mkoba wake, huku mama mwingine akisoma kilo zake kwa sauti. Hapo ndipo anapofanyia kazi Maman Emérence Nsimire, na kazi yake ni kukusanya watu wa kukodi ndege pamoja.

— Maman Chantal, vua hiyo pagne ya tatu.

— Niko nasikia baridi, maman.

— Kule unaenda hakuna baridi, iko pori na jua. Vua, tupime. Miye unaweza kunidanganya, lakini ndege haidanganywake.

Wanaongoja zamu yao hucheka, kisha nao huanza kupunguza nguo kimyakimya.

Kabla ya kazi hii, Maman Emérence alikuwa akipeleka samaki wa chumvi na vitenge katika vijiji vya Shabunda. Alisafiri kwa pikipiki siku tano, na wakati wa mvua siku tisa. Siku moja, akiwa ameketi juu ya gunia lake kando ya daraja lililovunjika, alisikia ndege ndogo ikipita juu ya miti, inaelekea Bukavu. Alikuwa anatafuna muwa. Alijua kwamba kabla hajaumaliza, watu wa ndege ile watakuwa wamevuka milima yote iliyomchukua siku nne.

Aliporudi mjini alimtafuta mwenye ndege. Papa Gaston alikuwa na ndege moja tu, ya injini moja na viti tisa vya abiria. Ilikaa uwanjani Kavumu wiki nzima ikingoja tajiri wa kuikodi.

— Tajiri mumoja utamungojea mwezi muzima, Maman Emérence alimwambia. Miye bamama tisa nitakuletea kesho.

Na kweli aliwaleta. Baada yao walikuja wanunuzi wa mchele, fundi wa mashine za kukoboa, daktari, hata mhandisi aliyetoka mbali kuangalia mito. Lakini kazi ilikwama mahali pamoja. Viwanja vya kutua, yaani piste, vilikuwa vichache, vile vilevile kila wiki, na mafuta ya ndege yalizidi kuwa adimu. Papa Gaston akaanza kuitwa na watu wa mji mwingine apeleke ndege kwao.

— Unipatie piste mupya moja mbele mwezi uishe, alisema. Ikikosa, ndege inahama.

Maman Emérence alikijua kijiji kinachofaa. Kalubemba kilikuwa na mchele, mawese na dhahabu, na piste ya zamani iliyomezwa na miti. Alizungumza na wanakijiji kwa phonie, ile redio ya mawasiliano iliyokuwa katika kituo cha afya. Kwa Jumamosi nne watu walitoka kufanya salongo: wanaume walikata miti, akina mama walijaza mashimo, na Jean-de-Dieu, muuguzi wa kituo, alipima urefu kwa kamba. Siku moja kabla ya safari, Maman Emérence aliuliza maswali yake yote. Nyasi? Zimekatwa. Mashimo? Hakuna. Mbuzi? Wamefungwa. Ndipo kwa furaha, akimfikiria askofu, akaongeza neno moja:

— Basi mutupokee vizuri. Kama vile munapokeaka évêque!

Ilikuwa Jumatano moja ya kiangazi, mwaka wa 2023. Kapiteni Cédric aliirusha ndege kutoka Kavumu. Papa Gaston aliketi nyuma na wafanyabiashara, akiwa amevaa tai mpya. Maman Emérence aliketi mbele, kando ya rubani, na vipokea sauti masikioni. Milima iliisha, pori likaanza, na baada ya muda mstari wa udongo mwekundu ulionekana kati ya miti. Cédric alishuka kidogo ili autazame.

— Maman, piste iko muzuri sana, alisema. Lakini ile iko nini pale katikati?

Lilikuwa tao. Lilisimama juu ya migomba miwili minene, likafunikwa matawi ya mitende na maua mekundu, na juu yake walikuwa wametundika kitambaa kilichoandikwa KARIBUNI. Pande zote mbili kijiji kizima kilikuwa kimejipanga, na kwaya ilikwisha kuanza kuimba.

— Uliwaambia nini hawa batu? Papa Gaston aliuliza kutoka nyuma.

— Niliwaambia kama évêque, Maman Emérence alijibu kwa sauti ndogo.

— Évêque anakuyaka na gari, maman, alisema Cédric. Siye tuko na mabawa. Naweza kuzunguka dakika kumi na tano. Kisha mafuta inatulazimisha turudi.

— Na tukirudi, nimemaliza, alisema Papa Gaston. Ndege inahama.

Kwa bahati, Jean-de-Dieu alikuwa ameibeba phonie pamoja na betri yake hadi ukingoni mwa piste. Maman Emérence alimwita.

— Tunakusikia cinq sur cinq, maman! Karibu! Mushuke!

— Jean-de-Dieu, mutoe arc.

— Rudilia, maman?

— Arc! Mutoe! Ndege haiwezi kupita!

— Itapita, maman. Tuliipima quatre mètres. Hata camion ya mizigo ingepita.

— Mabawa, Jean-de-Dieu! Mabawa!

Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakimuuliza chef, mkuu wa kijiji.

— Maman, chef anasema arc haivunjwake mbele mugeni hajapita. Ni haya kubwa kwetu.

Phonie haina siri. Kila mwenye mashine yake husikia, na mara sauti nyingine iliingia. Ilitoka Mazombe, kijiji jirani ambacho nacho kilikuwa na piste yake ya zamani.

— Ici Mazombe! Maman Emérence, kuya kwetu! Siye hatuna arc, hatuna maua, hata chorale hatuna. Iko nyasi tu, fupi kabisa!

— Mazombe, toka kwa phonie! Jean-de-Dieu alifoka.

— Siye tuko na piste, nyinyi muko na mariage!

Cédric alicheka mpaka ndege ikatikisika. Maman Emérence hakucheka. Dakika zilikuwa zinakwisha, naye alikuwa anafikiri jinsi mgeni anavyopokelewa.

— Papa chef, alisema, musiivunje. Muihamishe. Ndege si mugeni, ndege ni gari tu. Siye tuko ndani, njo bageni. Mugeni anapitaka chini ya arc na miguu yake, hapiti akiwa amekaa kwa kiti. Muiweke pale tutashukia, tupite vizuri.

Sauti nzito, ambayo haikuzoea phonie, ilijibu:

— Huyu mama anajua desturi. Na Mazombe basikie vilevile!

Kutoka juu waliona watu wakikimbia kutoka pande zote mbili. Tao lilitikisika, likainuka, likaanza kutembea polepole, matawi yakiyumba, na kwaya ikilifuata bila kuacha kuimba. Lilipofika ukingoni, Cédric aligeuza ndege na kushuka. Magurudumu yaligusa udongo mara moja, sawasawa.

Papa Gaston alinyoosha tai yake na kwenda mbele. Chef akanyoosha mkono kumzuia.

— Wa kwanza ni mama.

Maman Emérence akapita chini ya maua, mkoba mkononi, akitembea taratibu kama vile hakuna haraka yoyote duniani. Papa Gaston alimfuata akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu migomba ilikuwa imekatwa mashina kwa pupa ili ibebeke, na zile mètres nne za kwenda juu zilikuwa zimebaki mbili.

Wakati wa chakula Papa Gaston aliketi kando ya Jean-de-Dieu. Alikula wali, akaomba tena, kisha akauliza ni watu wangapi wangetaka kusafiri Jumatano ijayo. Jean-de-Dieu alifungua daftari. Majina yalikuwa kumi na manne.

— Viti iko tisa tu, alisema Papa Gaston.

— Basi tukuye mara mbili, alijibu Maman Emérence, akihesabu Jumatano na Ijumaa kwa vidole. Mercredi na vendredi. Samedi hapana, ni salongo ya piste.

Papa Gaston aliangalia ndege yake, iliyozungukwa na watoto na magunia ya mchele, akasema tu:

— Sawa, maman.

Mimi ninayekusimulia haya niliandika kazi yangu ya mwisho wa masomo kuhusu vizuizi vya ndege za kukodi katika jimbo letu. Nilitaja mafuta, kodi, ukungu na viwanja vibovu. Tao la maua sikulitaja. Kwa Maman Emérence limo: ukutani, nyuma ya mlango wa bluu, pana karatasi ya maswali ya kuuliza kabla ya kila safari. Nyasi, mashimo, mbuzi, mawingu. La tano limeandikwa kwa wino mwekundu: Arc iko wapi?

Alikuwa bado anaigandisha karatasi hiyo ukutani, wiki ileile ya safari, phonie ilipomwita.

— Ici Mazombe. Maman, siye vilevile tumetengeneza arc. Tumeiweka pembeni kabisa, hata kwa shimo ya choo iko karibu. Munakuya lini?