Nahodha Hakuota

Leo nimelipiza kisasi na sijutii hata kidogo.

Miezi miwili saluni kwangu Ilomba tunaangalia tamthilia ya zamani, ya chombo kilichopotea angani. Juzi, imebaki sehemu moja tu, shemeji yangu Ambele kapita mlangoni.

"Mnajisumbua! Mwisho nahodha anaamka kitandani, kumbe alikuwa anaota."

Wateja nusu walie.

Mwisho gani huo? Watu wamekufa angani huko, halafu ndoto?

Nikaenda Mwanjelwa kwa DJ anayetutafsiria hizi tamthilia. Sauti ya Kizungu anaizima, tunasikia yake tu.

"Kaka, huo mwisho urekebishe."

Leo saluni imejaa, Ambele kakaa mbele kabisa. Nahodha kafumbua macho kitandani. Ambele kanyanyuka: "Si niliwaambia!"

Sauti ya DJ kwenye TV nayo: "Hapa nahodha ameshafika kwao, jamani. Kalala siku tatu kwa uchovu. Mama yake yuko jikoni anampikia ndizi."

Vigelegele saluni nzima!

Ambele kanigeukia. "Shemeji, mbona mimi niliona anaota?"

"Labda uliota wewe, shemeji."

Mkikutana naye kesho, msalimieni: umeamkaje?