Heshima Iliyonivunja Mguu

Mguu wangu ulivunjwa na heshima. Nikisema hivyo watu wanacheka, wanadhani natania, lakini tribinale, mahakama ya Kamina, ililisikia neno hilo na kulikubali, kwa hiyo wacheke vizuri.

Nilikuwa natoka sokoni na vitambaa vya mteja, natembea pembeni kabisa, karibu na mfereji, mahali ambapo hata kuku anaona aibu kupita. Mbele ikatokea pikipiki ya taksi, haina abiria. Barabara ilikuwa pana, kavu, tupu. Pikipiki ikaiacha barabara hiyo yote, ikanifuata mimi mferejini. Nilipofumbua macho, mguu wangu wa kulia ulikuwa umeelekea upande wake wenyewe, na dereva, kijana mwenye adabu zake, amepiga magoti ananiomba msamaha. Nilimtukana mpaka maumivu yakanikata kauli.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu unaokanyaga ni huo huo wa kulia. Daktari aliniambia mfupa unahitaji chuma, kazi ambayo ingefanyika Lubumbashi, na bima ya pikipiki ndiyo iliyopaswa kunipeleka. Bila chuma mfupa ungeunga upande, na cherehani ningebaki kuitazama tu. Sina mume na sijui kazi nyingine. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko siku niliyozaa mtoto wangu wa kwanza.

Jirani akaniletea wakili hospitalini, kijana aliyevaa koti la mtu mnene. Akaenda kwa polisi wa barabarani, akarudi ameinamisha kichwa. Dereva alikuwa amewaeleza polisi kwamba aliona "kintu", kitu fulani, mbele yake, akafunga macho. Kintu gani? Akakataa kusema. Polisi, kwa kukosa la kuchora, wakanichora mimi katikati ya barabara. Watu wa bima walipoona mchoro ule walifurahi sana: huyu mama alijitupa mwenyewe, hatumlipii kitu.

Wakili akasema tumtafute mtu aliyeona kwa macho yake. Mashahidi walijaa. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake, na zote zilikuwa tamu. Mmoja alisema niliruka juu nikashika waya wa umeme, na mtaa ule hauna umeme. Mwingine alieleza vizuri sana, kwa mikono na miguu, halafu ikajulikana kwamba siku ile alikuwa Kabondo-Dianda kwenye matanga. Wote walikuja baada ya kusikia kishindo.

Dereva mwenyewe alikuwa anakuja kila siku kuniona. Analeta ugali wa bukari na samaki alivyopika mke wake, ananiinulia mto, anafukuza nzi. Mimi nilikuwa nakula huku namsuta, na nikishiba naendelea kumsuta. Nikimuuliza kile kintu kilikuwa nini, anatazama sakafu na kuniomba nile zaidi.

Siku moja alikuwa anamenya chungwa kando ya kitanda changu. Sauti ya mwanamke ikasikika nje, inauliza yule mama wa kushona analala wapi. Chungwa likaanguka, na kijana akatoka kwa dirisha. Mlango ulikuwepo, lakini alitoka kwa dirisha, na namshukuru Mungu kwamba hospitali yetu haina ghorofa. Mlangoni nikaona mama mtu mzima amevuta kitenge usoni, amegeukia ukuta. Wagonjwa wenzangu, Waluba karibu wote, walicheka mpaka mmoja akashika mshono wake na kuomba tumhurumie.

Ilikuwa ni mama mkwe wake. Desturi hiyo ya Waluba naijua, nimezaliwa Kamina: mwanamume hamtazami mama aliyemzaa mke wake, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani anakimbilia majani. Kwetu sisi wa asili ya Maniema mkwe anapewa chai na mkeka, basi. Lakini sikuwahi kuona heshima inaruka dirisha.

Mama yule alipohakikisha chumba ni salama akaja akakaa. Anauza samaki wakavu wa Malemba-Nkulu. Akanieleza kwamba asubuhi ile alikuwa anavuka barabara na beseni lake kichwani, ndipo kijana akatokea. Kwa miguu angejificha kama kawaida. Juu ya pikipiki alifanya alichoweza: akageuza uso, akafunga macho, na mimi nikawa upande aliogeukia. Kile kintu kilikuwa ni yeye, mama mkwe, na kijana hakuwa tayari kumtaja mbele ya polisi. Aliona afadhali afungwe.

Nikamwomba aje tribinale aseme hayo. Akanihesabia hatari zake. Akisema, kosa lote linamwangukia mkwe wake, wanaweza kumnyima pikipiki, na chungu cha binti yake kinategemea pikipiki hiyo. Tena atamsemaje mtu ambaye hata jina lake halitamki? Akavuta kitenge chake, akaondoka. Nililia, na sikumficha mtu machozi yangu.

Siku ya kesi nilifika nimekalia baiskeli, nasukumwa na mshtakiwa mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuushika mguu wangu vizuri kama yeye. Wakili wangu alipotuona akafunga macho naye. Akaniomba niteremke kabla watu wa bima hawajatuona, lakini walikuwa wameshatuona, na walikuwa wanatabasamu.

Juji, hakimu aliyetoka mkoa mwingine, akaita shahidi. Karani akatoka, akarudi kusema shahidi amekuja ila haingii, kwa sababu "yule" yuko ndani. Wakili wangu akaomba mshtakiwa atoke kidogo. Wakili wa bima akasimama, akasema sheria inampa mshtakiwa haki ya kusikia anayosemewa. Wakabishana kwa Kifaransa kirefu. Mwishowe karani, ambaye naye ni mkwe wa watu, akanong'ona kwamba dirisha liko wazi. Basi mama akasimama nje chini ya dirisha, ametugeuzia mgongo, na sisi ndani tukawa tunaona beseni la samaki peke yake. Dereva naye akageukia ukuta. Wakili wa bima akalalamika kwamba hajawahi kuhoji beseni. Juji akamwambia akae chini.

"Aliniona," sauti ikasema kutoka nje. "Akageuza uso, akafunga macho, juu ya kuniheshimia. Ule mama wa kushona alikuwa anatembea pembeni, mu nafasi yake. Heshima yangu njo ilimuvunja muguu. Kama ni ya kuazibu, muniazibu na minyi, mama mukwe."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana akajifuta uso kwa mkono wa shati pale ukutani.

Juji akalikubali neno lake, bima ikanipeleka Lubumbashi, chuma kikaingia. Kijana alionywa vikali, akakaa kwa muda bila kuendesha, na muda huo nilimpa kazi ya kukata vitambaa. Alikata vibaya mno. Nilishukuru aliporudishiwa pikipiki yake.

Juzi nilikuwa nimesimama na mama yule kando ya barabara ile ile, mimi na fimbo yangu, yeye na samaki wake, tunabishana bei kama dada wawili. Tukasikia pikipiki inakuja kwa mbali, na yeye mlio ule anaujua. Mwanamke mwenye umri ule akatua beseni lake chini haraka, akavuta kitenge kichwani, akageukia ukuta wa nyumba ya watu.

Nikamwambia, "Mama, si yeye ndiye anapaswa kujificha?"

"Acha aangalie njia," akaniambia, bado anatazama ukuta. "Heshima, minyi nitaifanya ya sisi babili, yangu na yake."

Kijana akapita polepole, macho yote mawili mbele, na mimi nikampungia mkono kwa niaba ya mama mkwe wake.