Akina Mary Jerop Wawili

Nilisikia mashine kabla ya kuiona. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, viatu vyangu bado vina tope la Timboroa, na nyuma ya mlango kitu kilikuwa kikikereza, kikinyamaza, kikikereza tena. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao kule msituni, kwa hiyo nilidhani wanapasua ubao. Mlango ulipofunguliwa nikaona printa, ile ya zamani inayogonga utepe wa wino kwa sindano ndogo, ikitema karatasi ndefu hadi sakafuni.

"Wewe ndiye kijana wa kompyuta?" aliniuliza Mkuu wa Rekodi. "Pangusa miguu. Hiyo matope ikiingia kwa mashine, mimi na wewe tunarudi shamba."

Hospitali ilikuwa ya binafsi, hapa Eldoret. Jina lake sitaliandika.

Kazi yetu ilikuwa kuhamisha habari za wagonjwa kutoka faili za karatasi hadi kwenye hifadhidata, yaani rejista inayokaa ndani ya kompyuta. Niliipenda kazi hiyo kwa namna ambayo hata leo naona haya kuikiri. Herufi za kijani zilichomoza kwenye kioo cheusi kama ngano changa baada ya mvua, na mimi, mtoto wa mpasua mbao, ndiye niliyezipanda.

Aliyenifunza masjala ni karani aliyeitwa Nafula, mama wa watoto wanne kutoka Bungoma. Kila faili aliiandikia kitu kwa penseli kwenye kona ya jalada: "wa kwa fundi viatu", "mwenye pengo", "anacheka sana". Nilimuuliza kwa nini anachafua faili.

"Nyinyi Wakalenjin mnaita watoto kwa mvua, msichana akizaliwa ikinyesha ni Jerop," alisema. "Na huku mvua hainyamazi. Nina Jerop kumi na mmoja kwa hiyo rafu. Bila penseli nitawajuaje?"

Wala si majina tu. Wazee wengi walipokwenda kuchukua kitambulisho hawakujua siku waliyozaliwa. Mtu akisema alizaliwa mwaka wa nzige, karani wa serikali alikisia mwaka na kuandika Januari mosi. Kwa hiyo kwenye makaratasi, nusu ya wagonjwa wetu walikuwa wamezaliwa asubuhi moja.

Mwaka wangu wa tatu Mkuu wa Rekodi aliniagiza niandike programu ya kuondoa rekodi pacha. Mgonjwa mmoja aliweza kuwa na rekodi mbili au tatu, kwa sababu kila alipopoteza kadi alifunguliwa faili mpya. Programu yangu ililinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali mtu anapotoka. Vyote vitatu vikifanana, ilibakiza rekodi ya karibuni na kufuta ya zamani.

Nafula alisoma orodha ya watakaounganishwa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Kibet, hawa akina Mary Jerop wa Kesses ni wawili."

"Mama, jina moja, tarehe moja, lokesheni moja."

"Mmoja ana pengo. Huyo ndiye mwenye onyo la wino mwekundu kwa faili, hadungwi penisilini, inamfunga pumzi. Huyu mwingine ni mke wa mwalimu. Nipe wiki moja nipitie hizi zote na faili mkononi."

"Mashine haisomi pengo, Mama."

Vijana wa chumba cha kompyuta wakacheka. Mimi pia nilicheka. Wageni kutoka Nairobi walikuwa wanakuja Ijumaa kuitazama kazi yangu, na nilitaka orodha iwe safi. Alhamisi, saa nne asubuhi, nilibonyeza kitufe.

Baada ya miezi miwili Mary Jerop mwenye pengo, ana kidonda mguuni, aliletwa na mwanawe. Muuguzi akaomba rekodi yake. Printa ikakereza, ikatoa karatasi ya mke wa mwalimu, isiyo na onyo lolote. Akadungwa sindano ya penisilini. Hakufika jioni.

Mkurugenzi alituita ofisini kwake, mimi na Mkuu wa Rekodi.

"Tukisema mashine ilikosea, nani ataiamini kesho?" alisema. "Andika karani hakunakili onyo. Hiyo ni kitu watu wanaelewa."

Niliandika. Ukurasa mmoja, sahihi yangu chini. Nafula alipoitwa akausoma amesimama, kisha akanigeukia.

"Ni wewe umeandika hii?"

"Mkuu ndiye aliniagiza."

"Sijauliza nani amekuagiza."

Mwisho wa mwezi Nafula hakuwapo tena kazini, nami nikaitwa Mkuu wa Kitengo. Baadaye nilichukuliwa na kampuni moja ya Nairobi, nikafunga seva, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine, kwenye hospitali za miji mingi. Meneja wa Mifumo alipenda kunisifu mbele ya vijana: "Muangalie Kibet. Huyu hakosei." Nilikuwa nikienda msalani na kukaa humo mpaka waondoke.

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mtaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kuongeza sehemu ya maelezo mengine kwenye kila rekodi, ambapo karani angeandika pengo au kicheko. Niliongeza kila mahali nilipokwenda. Haikumfufua mtu, na hakuna aliyejua kwa nini nang'ang'ania. Nimestaafu na cheti cha utumishi mwema ukutani. Sijawahi kuamka siku ambayo nimekistahili.

Juzi Nafula alikuja kwangu, mtaa wa Munyaka hapa Eldoret. Amezeeka, anatembelea fimbo. Nilimtilia chai, nikajitilia na mimi.

"Mtoto wa Jerop tunasali naye kanisa moja," alisema. "Miaka yote hii hanipi mkono. Sitaki kitu chako, Kibet. Twende Jumapili, umwambie wewe mwenyewe. Nataka nizikwe nikiwa nimesalimiwa."

Nilitazama cheti. Niliwaza juu ya binti yangu, ambaye ni daktari mjini humu na anajulikana kwa jina langu.

"Wacha nifikirie, Mama."

"Si umefikiria tangu ile Alhamisi?"

Nilimsogezea sukari. Alingoja mpaka chai ikafanya utando juu.

"Haya," alisema. "Kunywa chai yako."

Alijifunga leso, akaichukua fimbo. Nilitaka kumsindikiza, lakini alinipungia mkono nikae. Aliufunga mlango nyuma yake polepole, bila kelele, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa ambaye hatapona.