Ofisa wa Makoti

Harufu ya naftalini ikinijia popote, hata kwenye kabati la mtu nisiyemfahamu, naiona tena ile meza ndefu ya makoti. Yalikuwa makoti ya sufu yaliyokwisha kuvaliwa na wengine, mazito, yenye unyevu kidogo, yamerundikwa ya wanaume huku, ya wanawake kule, na ya watoto chini sakafuni ndani ya maboksi. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa askari wa kujitolea, mahali walipofanyia gwaride jioni za wiki, mitaa miwili kutoka bweni la wanafunzi la London magharibi tulimokuwa tumepewa vyumba kwa muda. Mbao za sakafu zilikuwa zimechubuliwa na buti, na kutani zilitundikwa picha za wanaume wenye masharubu, wengine wakipiga saluti, waliotutazama kana kwamba tumechelewa. Tulikuwa na siku nne tu tangu tushuke kwenye ndege kutoka Entebbe, mwaka ule Wahindi wa Uganda walipoamriwa waondoke. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwa nimewahi kujua kwamba pua inaweza kuuma kwa baridi.

Tulikuwa wanne: Babu, baba, mama na mimi. Nyumbani tulisema Kiswahili, maana Babu, baba yake baba yangu, alikuwa mzaliwa wa Mombasa, na alipohamia Kampala kufungua duka la kutengeneza saa alihama na lugha yake yote. Wakati wa vita kuu ya pili, kabla ya kuhama, alikuwa sajenti katika kikosi cha kujitolea kilicholinda bandari. Maisha ya askari yalimdumu miaka michache tu, lakini kwa jinsi alivyoyasimulia ungedhani amezaliwa na buti miguuni. Mimi alinipa cheo cha koplo nilipokuwa na miaka sita, kwa sababu, alisema, nilikuwa mtu pekee wa nyumba ile aliyejua kusimama wima. Nilijua sheria za saluti kabla ya kuzijua hesabu za kugawanya. Saluti haipigwi kichwa kitupu. Saluti haipigwi na mtu aliyebeba mzigo. Saluti hupewa cheo, wala hutazami kama mwenye cheo ni mrefu, mfupi, mzuri au mbaya. Na saluti ikipigwa, lazima ijibiwe. Mama alikuwa akisema kwamba laiti Babu angefundisha kuosha vyombo kwa bidii ileile, yeye angepumzika.

Jambo lililomkera zaidi ya yote, na tulilisikia karibu kila Ijumaa baada ya chakula, lilikuwa dharau ya askari wa kudumu kwa maofisa wa kujitolea. Kapteni wa kikosi chao alikuwa muuza dawa. Siku za kazi alivaa koti jeupe na kupima sharubati ya kikohozi, na Jumamosi alivaa sare na kuwakagua. Askari wa jeshi la kudumu waliokuwa kambini walimwita ofisa wa Jumamosi, na walikuwa na mbinu yao: wakimwona anakuja, huinama kufunga kamba za viatu mpaka apite, ili mikono yao ionekane ina kazi. Siku moja, langoni pa bandari ya Kilindini, Babu alimsimamia mmoja wao aliyeinama hivyo. Akamwambia afunge kamba zake taratibu, afunge na za mguu wa pili, kwa sababu Kapteni na yeye watangoja. Wakangoja. Yule askari alipokosa cha kufunga alisimama, akapiga saluti, na muuza dawa akaijibu. Babu alikuwa akimaliza kisa hiki kwa kutuambia kwamba ofisa wa kujitolea ni ofisa mara mbili, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Tulikuwa tukiitikia kwa pamoja, huku mama akikusanya sahani.

Sasa Babu huyohuyo alikaa kitandani bwenini, amevaa suti yake nyepesi ya Kampala na fulana mbili ndani, akakataa kwenda ukumbini. Sisi watatu tulikwisha kupata makoti. Langu lilikuwa la rangi ya maji ya kunde na lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Babu alisema hana haja. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na usiku tulimsikia akikohoa kwa namna iliyomfanya mama akae kitako gizani. Daktari aliyekuja kutupima alisema wazi kwamba mzee huyu asitoke nje bila nguo nzito, tena alifungue dirisha kidogo tu. Baba alijaribu kwa upole, mama alijaribu kwa machozi. Baba alipomletea koti mkononi, Babu alilitazama, akalirudisha kitandani kwa ncha za vidole.

“Miaka thelathini nimegawa nguo za Idi mlangoni kwangu,” alisema. “Nyuso za waliokuwa wakipokea nazikumbuka. Msinitake nilivae hilo.”

Baba akatoka kwenda kutafuta kazi, kama alivyotoka kila asubuhi, na mama akageukia ukuta. Mimi niliogopa. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na katika akili yangu ya miaka kumi niliona wazi kabisa kwamba Babu naye atakufa, na kwamba atakufa kwa ajili ya koti. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na leo naweza kulisema hilo bila kuwaonea haya wazazi wangu, maana wote wawili walilijua.

Nilirudi ukumbini peke yangu. Nyuma ya meza alikuwapo mama mmoja wa Kizungu, mnene, mwenye mashavu mekundu, amevaa sare ya kijani, kofia ya kijani, na beji begani. Nilikuwa nimemwona siku ile ya kwanza, jinsi wenzake walivyomwendea kila walipokwama, na jinsi alivyosema neno moja na boksi likahama. Kwa mafunzo niliyokuwa nayo, sare, beji na amri vilikuwa na maana moja tu. Nilimwuliza kwa Kiingereza changu cha shule kama yeye ni ofisa. Alicheka, si kwa ubaya, akasema la, mpenzi, yeye ni mtu wa kujitolea tu, nyumbani ni mke wa mwalimu na hupika jemu. Nilimshukuru. Njiani kurudi nilikuwa nikiyapanga maneno yake upya, nikitupa yasiyonifaa.

Nilisimama mbele ya Babu na kutoa ripoti. Nilisema kwamba ukumbini yuko mkubwa wao, ana sare, ana beji begani, anaamuru na anatiiwa, na nimemwuliza kwa mdomo wangu, akasema yeye ni wa kujitolea. Babu akaanza maswali. Analipwa? Halipwi. Ametumwa na nani? Nilidhani ni serikali, nikasema serikali. Ana kofia? Anayo. Je, wanaopewa makoti wanaandikishwa? Hapo nikasema sijui, nikaona nimeharibu. Lakini Babu alikuwa amekwisha kusimama. Alinawa uso, akachana masharubu, akatoa sandukuni kofia yake ya manyoya ya kondoo, akaigeuzageuza akijiuliza kwa sauti kama kofia hii inatosha kisheria. Aliamua inatosha. Baadaye nilielewa alichokuwa akikifanya: koti la sadaka hakuweza kulipokea, lakini vifaa vinavyotolewa na ofisa kwa askari si sadaka. Na baada ya kutuhubiria miaka yote ile, angewezaje kumdharau ofisa kwa kuwa ni wa kujitolea?

Ukumbi ulikuwa umejaa. Babu hakujiunga na foleni. Alitembea kando yake, mkono mmoja ukihesabu hatua kwenye paja, mimi nyuma yake nikitamani sakafu inimeze. Yule mama alikuwa amekumbatia makoti matano au sita, kidevu chake juu yake. Babu alisimama hatua tatu mbele ya meza, akaunganisha visigino, akapiga saluti ya kiganja wazi, kama ya kwenye picha zile ukutani. Akataja jina lake na cheo chake. Nilimwona yule mama akimtazama, kisha akanitazama mimi, na nikajua amekumbuka swali langu. Angecheka tu, hata kwa upole, Babu asingevaa koti lolote maisha yake yote. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua alikuwa akiyaweka makoti chini, yote, bila haraka. Akaifuta mikono kwenye sketi, akainyoosha kofia, akajikaza, akainua mkono mpaka kwenye paji la uso. Kiganja kilikuwa kimeangalia chini na kiwiko kimelegea. Kisha akauliza, kwa sauti ya kikazi kabisa, “Kifua inchi ngapi, Sajenti?” Babu akamtajia. Likaletwa koti la kijivu, zito, la vifungo vikubwa, likamkaa vizuri kuliko suti yake. Babu akauliza atie sahihi wapi. Hapakuwa na mahali pa kutia sahihi, lakini yule mama alichana karatasi kwenye kijitabu chake cha kuandikia mahitaji ya sokoni, akaandika koti moja, la mwanamume, na Babu akasaini kwa jina na cheo. Nje, mvuke ukitutoka midomoni, aliniambia kwamba amekiona kile kiganja. Huyu mama, alisema, lazima alikuwa wa jeshi la majini, wao hupiga hivyo. Nilikubali upesi sana.

Majira yote ya baridi Babu alilitunza lile koti kuliko alivyowahi kutunza kitu chochote. Alilipiga brashi kila jioni na kukazia vifungo kwa uzi wa mama. Kikohozi kilipungua. Tulipata nyumba ya halmashauri, baba akapata kazi kwenye mabasi, mimi nikajifunza kusema Kiingereza bila kufungua mdomo sana, kama wenzangu darasani. Miti ilipochipua, Babu alilikunja koti, akalifunga kwa karatasi ya kaki, akaniambia tunakwenda kurudisha vifaa. Nilikuwa nimelisahau jambo lenyewe. Tulipanda mabasi mawili. Ukumbini tuliwakuta vijana wakicheza mpira wa vinyoya, na mlinzi wa ukumbi alisema wale akina mama waliondoka zamani, hakuna anayejua waliko, na tangu aanze kazi hajapata kuona mtu aliyerudisha koti.

Babu alikaa kwenye ngazi za nje, kifurushi magotini. Nilikaa kando yake. Alionekana mzee ghafla, na nilielewa kwa nini: vifaa visivyo na mahali pa kurudi vimekuwa nini, kama si kile alichokikataa?

“Koplo,” akasema, “yule mama alikuwa ofisa?”

Nililia kabla ya kujibu. “Hapana, Babu. Aliniambia ni mtu wa kujitolea tu. Anapika jemu.”

“Nilijua alipoinua mkono,” Babu akasema. “Hakuna jeshi duniani linalopiga saluti vile. Hata la majini.”

Nilimwuliza, basi kwa nini alilichukua. Aliifungua ile karatasi ya kaki polepole, akaikunja na kuitia mfukoni, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa karatasi nzuri. “Aliweka chini alichokuwa amebeba, akanijibu,” alisema. “Ungetaka afanye nini zaidi?” Kisha akalivaa koti lake, jua likiwaka, akalifunga vifungo vyote, na tukaenda kungoja basi.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Wajukuu waliozaliwa huku walimwelewa na kumjibu kwa Kiingereza, naye hakuwakemea. Mimi nilisoma, nikaajiriwa serikalini, nikamalizia utumishi wangu Croydon, kusini mwa London, katika jengo refu la idara ya uhamiaji, nyuma ya dirisha la kioo. Watu hunisifu kwa kazi hiyo, wakisema aliyefika na sanduku moja ndiye anayemfahamu aliyefika na sanduku moja. Huwa nakubali sifa hizo kwa sababu ni tamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtumishi mzuri, mwepesi, na nilihudumia watu wengi kwa siku kuliko mwenzangu yeyote. Nilikuwa na kiti kizuri.

Katika baridi yangu ya mwisho kazini alikuja mzee wa Kizanzibari, kanzu imechungulia chini ya koti. Alikuwa amenisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu na binamu yangu, na nilimwona uso wake ukifunguka kule kwenye foleni. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya dirisha, mikono ameikutanisha, akangoja. Nilijua anangoja nini. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na msimamizi wangu alikuwa nyuma yangu. Nikanyoosha mkono nikiwa nimekaa, macho kwenye karatasi, nikamwomba pasipoti kwa Kiingereza. Aliipitisha chini ya kioo kwa mikono miwili.

“Marahaba, mwanangu,” akasema.

Nami nilikuwa sijamwamkia.