Karatasi Niliyomchorea Mama

Nilipomaliza masomo ya biolojia, kazi yangu ya mwisho ilihusu saratani ya ovari: jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa ndani ya chembe za mwili, na jinsi protini zinavyoshikana. Kwa hiyo mama mdogo Feza alipopatwa na ugonjwa huo, mimi, ambaye hata kikohozi cha kuku hunitia wasiwasi, nilimfikiria Mama papo hapo. Jeni mbovu inaweza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mabinti zake.

Nilimwuliza Mama kama Feza ni mdogo wake. Akasema ndiyo. Nikachora ukoo kwenye karatasi, nikazungushia jina la Mama wino mwekundu. Hakubisha. Wiki nzima alikula kidogo tu, na vitenge vyake akavigawa. Kisha tukapanda pikipiki kutoka kijijini kwetu Wamaza hadi hospitali ya Kasongo.

Daktari alisikiliza maelezo yangu marefu kwa subira, akamgeukia Mama.

"Wewe na Feza, muko baba mumoja, mama mumoja?"

"Hapana, munganga. Mama yake alikuwa jirani yetu. Alikufa na uzazi, mama yangu akanyonyesha mutoto. Tulilala mukeka mumoja mupaka nikaolewa."

Daktari aliitazama karatasi yangu, kisha akanitazama mimi. Nilitamani kuikunja niimeze.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama Feza iko mudogo wangu," akasema, akinifuta vumbi la njia usoni kwa pembe ya kitenge pekee alichobakiza. "Feza iko mudogo wangu."